SOMO LA VIJANA: TAWI LETU LA VIWAWA LILIVYOKUA, LIKAANGUKA NA KUINUKA TENA



Siku hizi kuna swali moja ninaloulizwa sana na viongozi wa vijana: "Kaka, sisi tunaanzisha kikundi kwa kishindo, watu wanajaa, baada ya miezi michache tunabaki watano. Tunakosea wapi?" Swali hilo ni zuri, na mimi nimeamua kulijibu kwa historia. Nitasimulia historia mbili. Ya kwanza ni ya padre mmoja wa Ubelgiji ambaye njia yake tunaitumia mpaka leo. Ya pili ni ya tawi letu wenyewe, katika kigango kimoja cha vijijini hapa Singida. Katika hiyo ya pili mimi nilikuwa katibu, na nilishiriki kuliua tawi. Ndiyo, kuliua. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Shika Biblia yako, weka alama mahali patatu: Luka 15:1-7, Luka 24:13-35 na 1 Timotheo 4:12. Tutapahitaji.

1. NJIA YETU ILITOKA WAPI?

VIWAWA ni kifupi cha Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Vijana wengi wakisikia neno "wafanyakazi" wanarudi nyuma. Wanasema, "Mimi sina ajira, hiyo hainihusu." Jamani, si hivyo. Mfanyakazi hapa si mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi tu. Anayelima alizeti ni mfanyakazi. Anayeendesha bodaboda, anayepakia magunia ya vitunguu, fundi cherehani, dada wa kazi za ndani, mama lishe, hata yule anayezunguka kutafuta kibarua tangu asubuhi, wote wamo.

Na hapo ndipo historia yenyewe ilipoanzia. Joseph Cardijn alizaliwa tarehe 13 Novemba 1882 karibu na Brussels, katika familia ya kawaida. Alipokuwa bado mdogo aliomba aendelee na shule ili awe padre. Wenzake wa umri ule waliingia viwandani. Aliporudi nyumbani likizo, aliwakuta wamebadilika. Walikuwa wakimwangalia kwa mbali, kama mtu aliyehamia upande wa wenye nacho. Kanisa hawakulitaka tena. Jambo lile lilimuuma. Baba yake alipofariki mwaka 1903, Cardijn aliahidi kwamba maisha yake yote atayatoa kwa ajili ya vijana wa namna ile.

Alipata upadrisho mwaka 1906. Mwaka 1912 akapelekwa parokia ya Laeken, Brussels, akakabidhiwa utume wa wanawake. Sasa angalia alianza na nani: wasichana wadogo, mafundi wa kushona na wafanyakazi wa viwandani. Hakuanza na mkutano mkubwa. Aliwakusanya wachache wachache, akawauliza: Kazini kwenu kukoje? Mnalipwaje? Bosi anawatendeaje? Halafu: Mungu anaonaje hayo? Halafu: sisi tutafanya nini wiki hii?

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia aliendelea na vijana watatu walei: Fernand Tonnet, Paul Garcet na Jacques Meert. Mwaka 1925 chama kikasimama rasmi kwa jina la vijana wafanyakazi Wakristo. Kulikuwa na upinzani, maana wengine waliona anawagawa vijana. Mwaka huohuo Cardijn akaenda Roma kwa Papa Pius XI, na Papa akampa baraka. Mwaka 1957 vijana wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka mabara mbalimbali walikusanyika Roma. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliiweka njia yao katika waraka wake Mater et Magistra, yaani ile hatua tatu tunayoijua kama Ona, Amua, Tenda. Cardijn akafanywa Kardinali mwaka 1965, akafariki mwaka 1967.

Usisahau pia kwamba njia hii ina gharama. Tonnet na Garcet, wale walei wawili wa mwanzo, walifariki mwaka 1945 katika kambi ya mateso ya Dachau, wakiwa mikononi mwa Wanazi. Hawa hawakuwa mapadre wala watawa. Walikuwa walei kama mimi na wewe.

Neno moja nataka ubaki nalo kutoka kwa Cardijn: alianza kwa kuwaona wale ambao hawakuwepo kanisani. Likumbuke, maana sisi tulilisahau.

2. HUKU KWETU SINGIDA

Jimbo letu la Singida lilianzishwa tarehe 25 Machi 1972, na askofu wake wa kwanza alikuwa Mhashamu Bernard Mabula, aliyelichunga mpaka 1999. Akafuata Mhashamu Desiderius Rwoma, na tangu 2015 tuko na Mhashamu Edward Mapunda. Tarehe 25 Machi ni Sherehe ya Kupashwa Habari Bwana. Siku hiyo Kanisa linamkumbuka msichana wa Nazareti aliyeambiwa jambo zito kuliko umri wake, akauliza swali, kisha akakubali. Na ni tarehe hiyohiyo, mwaka 2019, Papa Fransisko alipotia saini wosia wake kwa vijana, Christus Vivit, baada ya Sinodi ya mwaka 2018. Kwa hiyo sisi vijana wa Singida, siku ya kuzaliwa ya jimbo letu ni siku yetu pia.

Maisha ya kijana wa huku unayajua. Mvua ni za msimu mmoja. Zikinyesha vizuri, tunapanda alizeti, mtama, uwele na mahindi. Zikikataa, vijana wanapanda basi kwenda Dodoma, Arusha au Dar. Anayebaki anahangaika na vitunguu, kuku wa kienyeji, asali, ufundi, bodaboda. Jumapili kwa wengi si siku ya kupumzika. Kikundi cha vijana kisichojua hayo kitaimba vizuri, lakini kitaimba peke yake.

3. TULIVYOANZA

Tawi letu lilianza na vijana kumi na wanne. Katekista wa kigango alitangaza baada ya Misa, tukabaki chini ya mwembe pembeni ya kanisa. Hatukuwa na katiba wala sare. Tulikuwa na daftari moja la kurasa 96 na mama mlezi mmoja, mjane, ambaye alikuwa akija na kigoda chake mwenyewe.

Kila Jumapili tulisoma Injili ya siku, tukaulizana habari. Kijana fulani kavunjika mguu, tukaenda kumpalilia shamba. Bibi fulani nyumba imeezuliwa na upepo, na upepo wa Singida mnaujua, tukaenda kuezeka. Hatukujua kama ile ndiyo Ona, Amua, Tenda. Tulikuwa tunafanya tu.

Watu wakaanza kuja. Mwaka wa pili tulikuwa thelathini. Mwaka wa tatu daftari lilikuwa na majina sitini na matatu. Tukawa tawi la kutajwa dekania nzima. Tukapata sare: mashati meupe, vitenge vya rangi moja. Tukashinda mashindano ya kwaya. Mimi nikachaguliwa katibu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na kwa kweli nilikuwa na kiburi kidogo.

Nikiangalia nyuma, naona kilibadilika kitu kimoja. Zamani kikao kilianza na swali, "Nani hatujamwona?" Baadaye kikaanza na, "Tuko wangapi?" Maswali hayo mawili yanaonekana kama ndugu, lakini hayafanani. La kwanza linakutuma kwa mtu. La pili linakutuma kwenye ripoti.

4. SHAMBA LA ALIZETI

Mwaka ule wa tatu tukaamua kuwa na mradi. Tukakodi ekari tatu, tukalima kwa jembe la ng'ombe, tukapanda alizeti. Mungu akatujalia mvua. Tulivuna mwezi wa sita, tukapiga, tukapepeta, tukauza magunia kwa mwenye mashine ya kukamua. Kwa mara ya kwanza tawi likashika hela ya maana. Mipango ilikuwa kununua kinanda na kuwasafirisha vijana wote kwenye kongamano.

Mweka hazina wetu alikuwa binti mmoja mtulivu, mwuza vitunguu. Alichaguliwa kwa sababu kila mtu alimwamini. Tatizo likaanzia hapohapo, kwenye kuaminiana bila kuandika.

Viongozi tukaanza kumwendea mmoja mmoja. "Dada, nisaidie kidogo, Jumapili narudisha." Mmoja alikuwa na mgonjwa. Mwingine alikuwa na mahari. Mimi pikipiki yangu ilikuwa imekufa tairi la nyuma, nikachukua shilingi 40,000. Akataka kuandika kwenye daftari. Nikamwambia, eti, "Mimi ni katibu, hata mimi huniamini?" Akafunga daftari.

Jumapili ikapita. Ikaja nyingine. Sikurudisha.

Siku ya kununua kinanda ilipofika, fedha zilipungua 310,000. Tukaitisha kikao. Vijana walikuwa wengi, wamekasirika, kila mmoja alikuwa ametoa jasho kwenye lile shamba. Mwenyekiti akamsimamisha mweka hazina, akamwambia aeleze. Akasema kwa sauti ya chini, "Fedha nyingine wanazo viongozi wenyewe." Ukumbi ukalipuka. Wakapiga kelele: "Taja majina!"

Akaniangalia. Sikuota, aliniangalia mimi. Na mimi nikainamisha kichwa, nikajifanya naandika muhtasari.

Akanyamaza muda. Halafu akasema, "Basi, niandikeni mimi."

Nikaandika. Bado nakumbuka sentensi yenyewe, maana ni mkono wangu: Mweka hazina ameshindwa kutoa maelezo ya kuridhisha, kikao kimemwondoa madarakani. Tukafunga kwa sala. Mimi ndiye niliyeongoza sala.

5. ANGUKO

Nilidhani limekwisha. Kumbe ndiyo lilikuwa linaanza. Waliojua ukweli walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri, maana kijijini mambo hayafichiki. Marafiki zake wakaacha kuja. Wengine wakasema, "Kama viongozi wenyewe ndio hivyo, kuna haja gani?" Wengine wakaondoka bila kusema neno, mmoja Jumapili hii, wawili ile. Sare zikabaki kwenye masanduku. Baada ya mwaka na kidogo tulikuwa tisa.

Na sisi tisa tulifanya nini? Tulilalamika. Tulisema vijana wa siku hizi hawapendi dini, wanapenda mpira na simu. Tulisema wameingiwa na tamaa ya mji. Kila sababu tuliitaja isipokuwa ile ya kweli.

6. ONA, AMUA, TENDA

Ikafika Kwaresima. Padre mlezi wa vijana akaja kutupa mafungo ya siku moja. Alikuta watu tisa kwenye ukumbi wa kukaa watu mia. Hakushangaa. Akatusimulia habari za Cardijn na wenzake walioingia viwandani. Halafu akatugawia karatasi, akasema: "Msiandike majina yenu. Andikeni majina ya wote waliokuwa wakija ambao leo hawapo."

Tukaandika. Kalamu zilikwenda polepole. Tulipojumlisha tukapata majina hamsini na manne. Akauliza, "Kati ya hawa, ni nani mmekwenda kwake kumwona?" Kimya. "Hata mmoja?" Kimya.

Akafungua Luka 15, yule mchungaji mwenye kondoo mia. Akatuonyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona: mchungaji yule asingejua kwamba mmoja amepotea kama angehesabu kwa makadirio. Alijua kwa sababu alimjua kila mmoja. Halafu akaenda Luka 24, njia ya Emau. Wanafunzi wawili wanaondoka Yerusalemu, wamekata tamaa. Yesu mfufuka hakukaa Yerusalemu akilalamika kwamba wameondoka. Aliwafuata njiani, akatembea nao upande uleule waliokuwa wakienda, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuuliza na kusikiliza. Baadaye ndipo akawaeleza Maandiko. Kisha akaumega mkate. Ona, Amua, Tenda imo humo ndani yote.

Padre akamalizia hivi, kwa maneno yangu: kuona si kuwaona wengine tu. Mtu wa kwanza unayepaswa kumwona ni wewe mwenyewe, na ulichofanya.

Karatasi yangu ilikuwa mbele yangu. Jina la kwanza nililoandika juu kabisa lilikuwa la yule binti.

Mchana ule nikaenda kitubio. Nilitaka nisamehewe, nipewe Salamu Maria kadhaa, nirudi nyumbani. Lakini padre alinikumbusha mafundisho ya Kanisa ambayo nilikuwa nayajua na kuyaruka. Mungu anasamehe, ndiyo. Lakini aliyechukua mali anapaswa kuirudisha, na aliyemharibia mtu jina anapaswa kulisafisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalifundisha hilo waziwazi, namba 2412 kuhusu mali na namba 2487 kuhusu jina la mtu. Na kama jina lilichafuliwa mbele za watu, litasafishwa mbele za watu. Hapo ndipo magoti yalinilegea.

7. KANDO YA BARABARA KUU

Nilimkuta gengeni kwake kando ya barabara kuu ya kwenda Dodoma, pale wanapopanga mafuta ya alizeti kwenye madumu na vitunguu kwenye mifuko ya neti, basi likisimama wanakimbilia madirishani. Nikasubiri mabasi mawili yapite. Nikatoa 40,000, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

Akazihesabu. Akanirudishia. Akasema, "Hii ni hela ya kikundi, siyo yangu. Na kikundi mimi nilishakilipa."

Sikumwelewa. Kumbe baada ya kile kikao, yeye na mama yake waliuza mbuzi, wakalipa zile 310,000 zote, kidogo kidogo, kupitia kwa mama mlezi, bila kutangaza. Mwenyekiti alizipokea. Hakuna aliyetusomea. Kinanda tulichokuwa tunapigia ni mbuzi wa mama yake.

Nikamwuliza kama ameacha kusali. Akanitazama kama vile nimemtukana. Akasema, "Kaka, mimi sikumwacha Mungu. Niliwaacha ninyi." Alikuwa akitembea kila Jumapili alfajiri kwenda Misa ya kwanza kigango cha jirani, na jumuiya yake ndogo ndogo hakuwahi kukosa.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, niliomba ruhusa kwa katekista. Nikasimama mbele na lile daftari la mihtasari. Nikasoma sentensi yangu, halafu nikasema kwamba ni ya uongo, na aliyeiandika aliijua kuwa ni ya uongo, kwa sababu fedha nyingine zilikuwa kwenye tairi la pikipiki yake. Nikataja kiasi. Nikajiuzulu ukatibu palepale. Nilitarajia wanizomee. Kanisa lilikuwa kimya. Kisha viongozi wawili wengine wakasimama, mmoja baada ya mwingine, wakataja za kwao. Mmoja hakusimama. Nilijifunza pia kwamba huwezi kutubu kwa niaba ya mwenzako.

Tulichanga na kuwarudishia yule binti na mama yake fedha zao, ilituchukua miezi saba. Lakini hakurudi kwenye uongozi. Tulimwomba sana. Mwisho akatuuliza, "Mnataka nirudi ili iweje? Kikao chenu ni Jumapili saa tano asubuhi. Saa hizo mabasi yanapita. Mimi, wasichana wa mama lishe, vijana wa kupakia, wote tuko barabarani. Ninyi mlishawahi kutuona?"

Tulikuwa tukipita pale kila siku. Tulikuwa tukinunua vitunguu pale.

8. TAWI LILIVYOINUKA

Basi tukahamisha kikao. Alhamisi jioni, jua likishazama na mabasi yakipungua, tunakutana nyuma ya magenge, kwenye viti vya plastiki vya mama lishe mmoja. Tulianza watu sita. Tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, tunajiuliza maswali matatu, tunaagana na kazi moja ya kufanya. Kazi ya kwanza kabisa ilikuwa ndogo: wasichana wawili walikuwa wanadhulumiwa ujira na mwajiri wao, tukaenda pamoja na mama mlezi kuzungumza naye kwa heshima. Mmoja alilipwa. Wa pili hakulipwa, lakini tulimtafutia mahali pengine pa kazi. Wiki iliyofuata walikuja kumi na moja.

Leo tawi lina vikundi vitatu vidogo: cha barabarani, cha wakulima, na cha madereva wa bodaboda, ambao hukutana kijiweni kwao kabla ya kuanza kazi. Wote tunakutana pamoja kwenye Misa mara moja kwa mwezi. Tuko arobaini na mmoja. Hatujazifikia zile sitini na tatu. Lakini akikosekana mmoja wiki mbili, kuna mtu anayejua kwa nini, na kuna mtu amekwenda kwake. Wengine wamehama kwenda mijini kutafuta maisha. Hao nao hatuwafuti. Tunawaandika kwenye ukurasa wao na tunawapigia.

Yule binti sasa ni mama wa watoto wawili. Si kiongozi. Alhamisi anakuja akimaliza kufunga genge, anakaa nyuma. Nikiuliza, "Nani hatujamwona?", mara nyingi yeye ndiye anayejibu.

9. TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, kikundi hukua kwa kumwona asiyekuwepo. Sare, kinanda na safari ni vitu vizuri, lakini ni majani. Mzizi ni mtu anayejulikana kwa jina.

Pili, uaminifu unahitaji kalamu. Kuandika si kumdharau mtu, ni kumlinda. Sasa tuna utaratibu: fedha zinahesabiwa na watu watatu, hesabu inasomwa mbele ya wote kila mwezi, na kiongozi haruhusiwi kukopa fedha za tawi hata shilingi moja. Kama kikundi chenu hakina hilo, anzeni nalo wiki hii. Mtamwokoa dada wa watu.

Tatu, usimwombe aliyejeruhiwa arudi mahali palepale alipojeruhiwa bila kubadilisha chochote. Kwanza msikilize. Huenda yeye ndiye anajua njia.

Nne, Mtume Paulo alimwambia Timotheo asikubali kudharauliwa kwa ajili ya ujana wake (1 Tim 4:12). Tunaupenda sana mstari huo, tunauweka kwenye fulana. Lakini endelea kusoma mpaka mwisho wa mstari: anamtaka awe kielelezo. Heshima ya kijana haidaiwi kwa kelele, inakuja kwa usemi wa kweli na mwenendo safi. Mimi niliitaka heshima ya ukatibu, nikaikosa ile ya ukweli.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Andikeni majina ya vijana waliokuwa wakija na sasa hawaji. Ni nani kati yenu amekwenda kumwona hata mmoja? Mlijifunza nini?
2. Muda na mahali pa kikao chenu vinamfaa nani, na vinamfungia mlango nani?
3. Je, kuna mtu ambaye kikundi chenu kilimhukumu bila kumsikiliza? Nini kifanyike, na nani aanze?
4. Fedha zenu zinatunzwaje? Kila mwanachama anaweza kuuliza hesabu bila kuogopa?

AZIMIO LA WIKI

Chagua jina moja tu kutoka kwenye ile orodha. Mtembelee. Usimwalike kanisani siku ya kwanza. Muulize habari zake, msikilize, mshukuru, ondoka. Na kama kuna kitu chake ulichonacho, fedha au jina lake jema, mrudishie.

SALA

Ee Bwana Yesu, uliwafuata wanafunzi wako walipokuwa wakiondoka, tunakuomba macho ya kuwaona wasiokuwepo. Utuonyeshe na makosa yetu wenyewe kabla hatujayataja ya wengine. Utupe ujasiri wa kusema kweli mbele za watu, na unyenyekevu wa kurudisha kisicho chetu. Uwabariki vijana wote wanaohangaika na kazi, mashambani, barabarani na majumbani mwa watu. Mama Maria, uliyekuwa binti mdogo ulipomjibu Mungu, utuombee. Amina.

Kama somo hili limekugusa, lisome pamoja na viongozi wenzako kwenye kikao kijacho, na msiruke swali la tatu. Mungu awabariki.